Lehman haikuua soko kwa madeni yake: kisa cha 2008 kwa macho ya mwanaikolojia

Tuanze na namba moja ambayo wasimuliaji wengi wa kisa cha 2008, ule msukosuko wa mabenki ulioanzia Marekani, wanairuka. Tarehe 10 Oktoba 2008 palifanyika mnada wa kuamua hati za deni za Lehman Brothers, benki kubwa ya uwekezaji ya Marekani, zina thamani gani baada ya kampuni kufilisika, ikatoka bei ya senti 8.625 kwa kila dola. Maana yake kila aliyekuwa ameuza kinga, yaani ile mikataba ya "Lehman asipolipa mimi nitakulipa", alitakiwa kutoa senti 91 na kitu kwa kila dola aliyoikinga. Na sokoni watu walikuwa wanatajiana mikataba ya kama dola bilioni 400 juu ya jina la Lehman peke yake. Piga hesabu mwenyewe hapo, presha itakupanda. Afu siku ya kulipana ikafika, wakakatana madeni, huyu anamdai yule na yule anamdai huyu, na kilichobaki cha kuhama kweli kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine kupitia daftari kuu la mikataba hiyo kikawa dola bilioni 5.2. Bilioni tano tu, kwenye mwezi ambao Marekani ilipitisha sheria ya kuokoa mabenki kwa bilioni 700.

Sasa kama bili yenyewe ilikuwa ndogo hivyo, wiki zile kilichovunjika ni nini? Picha tuliyozoea ni ya matofali yaliyosimamishwa kwa mstari, la kwanza linaangukia la pili, la pili la tatu, mpaka mwisho. Mi nadhani picha hiyo imewachelewesha watu wengi kuelewa hiki kisa, mimi mwenyewe nikiwemo, na aliyenitoa huko wala si mchumi, ni mtu aliyeishi kwa kupigia hesabu wadudu, samaki na magonjwa ya kuambukiza.

Robert May alizaliwa Sydney mwaka 1936, akasomea fizikia, udaktari wake akaupata 1959, akawa profesa wa fizikia ndipo akahamia kwenye ikolojia, kwa hiyo aliingia humo na hesabu zake bila kubeba mazoea ya wenyeji. Mazoea yenyewe yalikuwa haya: msitu au ziwa lenye spishi nyingi zinazotegemeana kwa njia nyingi ndilo imara. Robert MacArthur alishaitoa hoja ya namna hiyo 1955 na Charles Elton akaikazia 1958, na kwa kweli inaingia akilini, mnyama akikosa chakula hiki si anakula kile. May akaichukua hoja akaiweka kwenye hesabu, 1972, kurasa mbili tu kwenye jarida la Nature, na jibu likatoka kinyume.

Hesabu yenyewe haitishi. Chukua idadi ya spishi, zidisha kwa sehemu ya miunganiko iliyopo kweli kati ya yote inayowezekana, tafuta kipeuo cha pili cha jibu hilo, afu zidisha kwa ukali wa jinsi spishi zinavyoathiriana. Ukipata zaidi ya 1, mfumo ukiguswa kidogo haurudi ulipokuwa, unateleza moja kwa moja. Mfano spishi 100 zenye muunganiko wa asilimia 10: 100 mara 0.1 ni 10, kipeuo chake ni 3.16 hivi, kwa hiyo ukali usizidi 0.32. Unganisha zaidi, ufike asilimia 40, kipeuo kinakuwa 6.3 na ukali unaovumilika unashuka hadi 0.16. Umeongeza nyuzi mara nne, uvumilivu umekatika nusu.

Hapa watu wanamlisha May maneno. Hakusema misitu yenye spishi nyingi haiwezi kuwa imara, misitu ipo na imedumu. Alichosema ni kwamba ukiunganisha vitu hovyo, kwa nasibu, wingi na muunganiko peke yake havikupi uimara, kwa hiyo kama mifumo ya asili imedumu basi ndani yake lazima kuna mpangilio fulani ambao si wa nasibu, mkautafute. Watafiti wametumia miongo kuutafuta. Na hili ndilo la kushika tukienda kwenye mabenki, kwa sababu mabenki nayo yalikuwa yanajivunia kuunganika, hatari ikigawanywa kwa watu wengi kila mmoja anabeba kidogo, mfumo unakuwa salama, ndivyo ilivyosemwa miaka yote ile kabla ya 2007 na aliyebisha alionekana mshamba.

Mei 2006 tawi la New York la benki kuu ya Marekani pamoja na akademia ya sayansi ya huko wakaitisha mkutano wa siku mbili, watu wa fedha wakae na wanaikolojia, wahandisi na wengine, waongee kuhusu hatari ya mfumo mzima. Simon Levin, mwanaikolojia, alikuwepo, na George Sugihara ambaye ni mwanaikolojia wa bahari aliyewahi kufanya kazi Deutsche Bank, mchanganyiko adimu huo. Kati ya vilivyowekwa mezani ni ramani ya Fedwire, mfumo ambao mabenki ya Marekani yanahamishiana pesa nzito nzito. Siku ya kawaida ilikuwa na uhamisho kama 700,000 kati ya benki zaidi ya 5,000. Ila ukitazama thamani, benki 66 zilibeba asilimia 75 ya pesa yote, na kati ya hizo 25 zilikuwa zimeunganika karibu kila moja na kila nyingine. Wengine wote elfu kadhaa walining'inia pembeni kwa nyuzi chache, kila mdogo kajishikiza kwa mkubwa.

Wanaikolojia wakaona umbo wanalolijua. Maua na wachavushaji wao wamekaa hivyo hivyo, nyuki wachache wasiochagua wanatembelea maua ya kila aina, na wachavushaji wengi wenye ua lao moja au mawili wamejishikiza kwa yale maua yanayotembelewa na kila mtu. Umbo la hivyo linavumilia ukimpoteza mdogo yeyote, ila ukimpoteza aliye katikati ni msiba. Tofauti ni kwamba umbo la maua na nyuki limechujwa muda mrefu mno, yasiyofaa yalishatoweka na hatuyaoni, tunaona waliobaki. Umbo la Fedwire limechujwa na nini? Miongo michache ya faida na kuungana kwa makampuni. Kufanana kwa ramani hakukupi uhakika wowote kwamba na uimara unafanana, na wao wenyewe walikuwa waangalifu kulisema hilo.

Februari 2008 May, Levin na Sugihara wakachapisha makala fupi kwenye Nature wakieleza hayo. Bear Stearns, benki nyingine ya uwekezaji ya Marekani, ilikuwa bado imesimama, ilianguka mwezi uliofuata. Hawakutabiri tarehe wala jina la benki, na anayewauza kama manabii anawaharibia tu. Walichosema kina uzito kwa namna nyingine: pesa na akili nyingi sana zinatumika kupima hatari ya kampuni moja moja, kidogo mno kwenye hatari ya mfumo, wakati kwenye uvuvi watu walishaanza kuachana na tabia ya kusimamia samaki aina moja moja kama vile anaishi peke yake baharini. Uvuvi ulijifunza kwa maumivu. Kule Newfoundland Kanada mwanzoni mwa 1992 chewa bado walikuwa wanavuliwa, na sehemu ya tatizo ni kwamba samaki waliobaki walikuwa wanajikusanya pamoja, boti zikiwafuata nyavu zinajaa, namba za mvuvi kwa kila safari zinaonekana nzuri huku bahari nzima inaisha. Tarehe 2 Julai mwaka huo serikali ikafunga uvuvi wa chewa wa kaskazini, makumi ya maelfu ya watu wakakosa kazi. Kipimo cha mmoja mmoja kilisema tuko sawa mpaka karibu siku ya mwisho.

Basi turudi Septemba 2008. Lehman ilimaliza 2007 ikiwa na kama dola 30 za mali kwa kila dola 1 ya mtaji wa wenye hisa, kwa hiyo mali ikishuka bei asilimia tatu na kitu mtaji wote umekwenda. Na mali yenyewe nyingi ilikuwa ya majengo na mikopo ya nyumba, ambayo kila mtu mjini alikuwa nayo. Jumatatu tarehe 15 Septemba 2008 ikawasilisha maombi ya kufilisika ikiwa na mali ya dola bilioni 639 kwenye vitabu.

Kesho yake yakatokea mambo mawili, na mimi naona kisa kizima kimelala kwenye hayo mawili. La kwanza, mfuko uitwao Reserve Primary, mfuko wa soko la fedha ambao watu waliuchukulia kama akaunti ya benki tu, unaweka dola unatoa dola, ukatangaza kwamba hisa yake imeshuka hadi senti 97. Ulikuwa na karatasi za Lehman za dola milioni 785. Inasikika kubwa mpaka ujue mfuko wenyewe ulikuwa na zaidi ya bilioni 60, yaani tunaongelea kama asilimia moja na pointi. Miaka ilipopita na hesabu zikafungwa, wenye pesa humo walirudishiwa kama senti 99 kwa dola. Senti moja ndiyo iliyopotea! Lakini wiki ile mtu alikuwa anajuaje? Watu wakakimbia, na sio kwenye mfuko huo tu, wakakimbia mifuko yote inayofanana nao, hata isiyo na karatasi moja ya Lehman, karibu dola bilioni 300 zikatoka ndani ya siku chache mpaka serikali tarehe 19 ikatangaza inaidhamini mifuko yote ya aina hiyo. Na mifuko hiyo ndiyo ilikuwa inakopesha makampuni pesa ya muda mfupi, ya mishahara na ya kuzungusha mali, kwa hiyo na hiyo ikakauka.

La pili ni AIG. Kampuni ya bima, haikuwa na sababu ya kufa kwa sababu ya Lehman, ila ilikuwa imeuza kinga kwa mabenki karibu yote makubwa juu ya vifurushi vya mikopo ya nyumba, na ilipopunguzwa daraja la kuaminika wenye mikataba wakawa na haki ya kudai dhamana taslimu papo hapo. Haikuwa nayo. Tarehe 16 ikapewa mkopo wa dola bilioni 85 na benki kuu, serikali ikachukua asilimia 79.9 ya umiliki. Miaka ya themanini May alifanya kazi ndefu na Roy Anderson kwenye hesabu za magonjwa, ukimwi ukiwemo, na somo kubwa la kule ni kwamba wastani unadanganya, wachache wenye miunganiko mingi ndio wanaosambaza, ukitaka kuzima mlipuko kwa gharama ndogo wakinge hao kwanza. AIG ilikuwa msambazaji mkuu na hakuna aliyekuwa anampima joto, maana kwa vitabu vyake ilikuwa kampuni ya bima yenye daraja zuri.

Kuanzia hapo mabenki yakaacha kukopeshana. Kuna pengo wanalolifuatilia watu wa soko, kati ya riba ambayo benki inaidai benki nyenzake kwa miezi mitatu na riba inayotarajiwa ya usiku mmoja mmoja, kabla ya Agosti 2007 lilikuwa kama asilimia 0.1, mtu haliangalii hata. Oktoba 2008 likafika asilimia 3.6. Hilo pengo si hasara iliyotokea kwa mtu, ni kipimo cha mtu kutomwamini mwenzake. Kila meneja aliyekalia pesa zake siku zile alifanya jambo la busara kabisa kwa benki yake, na ndilo lililokuwa linaua.

Aprili 2009 Andrew Haldane wa Bank of England, benki kuu ya Uingereza, akatoa hotuba Amsterdam, akailinganisha Lehman na ugonjwa wa SARS wa 2003, kwamba kilichoumiza zaidi pande zote mbili ni watu kujifungia. Yeye na May wakaja kushirikiana, na Januari 2011 wakatoa makala kwenye Nature yenye modeli waliyoijenga juu ya kazi za wenzao waliotangulia, kama Prasanna Gai na Sujit Kapadia. Nitaieleza kwa namba zangu mwenyewe manake bila namba inabaki hadithi.

Benki moja ina mali ya 100. Kati ya hizo 80 ni mali za nje, nyumba, bondi, mikopo ya watu, na 20 imezikopesha benki nyingine kumi, mbili mbili. Mtaji wake ni 4. Sasa benki mojawapo iliyokopa inakufa kabisa, hairudishi hata senti. Hasara ni 2, mtaji unabaki 2, benki inachechemea lakini iko hai, na aliyeidai yeye hajaguswa. Umeona kinachotokea kwenye mnyororo wa madeni, kila hatua hasara inagawanywa kwa wadai wengi, inapungua nguvu kama wimbi linavyokufa likienda mbali. Ili mnyororo uue inabidi wadaiwa wako wafe wawili kwa pamoja, au uwe umemkopesha mmoja kupita kiasi.

Afu chukua njia nyingine. Ile benki ya kwanza ilipokufa iliuza mali zake haraka haraka kwa bei ya kutupa, bei za aina hiyo ya mali zikashuka asilimia 5 tu. Benki zote zina 80 za mali za hiyo hiyo. Asilimia 5 ya 80 ni 4. Mtaji wote, wa benki zote, saa ile ile. Hakuna kugawana, hakuna kupungua kadri unavyokwenda mbali, hakuna hata haja ya wao kujuana. Kwenye modeli njia hii ya mali zinazofanana, pamoja na ile ya kufichiana pesa kwa woga, ndizo zinazobeba maangamizi, na mnyororo wa madeni unabaki msindikizaji.

Na hili halikuwa jipya kabisa, ndiyo inayoniuma kidogo. Mwaka 2006, Helmut Elsinger, Alfred Lehar na Martin Summer walishachapisha utafiti kwa data za kweli za mabenki ya Austria, nani anamdai nani, wakaona kwamba kuambukizana kwa kupitia madeni ni jambo la nadra, kinachotawala hatari ya mfumo ni mali za mabenki kufanana na kuyumba pamoja. Karatasi ipo, miaka miwili kabla. Ila picha ya matofali ni tamu kuchora, na data ya nani kamkopesha nani ni siri kwenye nchi nyingi kiasi kwamba wajenzi wa modeli walikuwa wanajua jumla tu, benki hii imekopesha kiasi gani kwa ujumla, afu wanazigawanya kwa usawa kwa wote kwa fomyula. Ukigawanya kwa usawa umeshaficha wale 66 wa Fedwire.

Kinachoniganda zaidi ni suala la kutawanya hatari. Tangu shule unaambiwa usiweke mayai yote kapu moja, sawa. Tuchukue benki mbili na aina mbili za mali, kila aina ina nafasi 1 kati ya 10 ya kuporomoka, na hazihusiani. Kila benki ikishika aina moja yake peke yake, nafasi ya zote mbili kufa pamoja ni 1 kati ya 100. Sasa zote mbili zikatawanya, nusu hii nusu ile. Kama mporomoko ni mdogo kiasi kwamba mtaji unameza hasara ya nusu, safi sana, benki inakufa pale tu aina zote mbili zikiporomoka, 1 kati ya 100, kila mmoja kajipunguzia hatari mara kumi. Lakini mporomoko ukiwa mkubwa, hasara ya nusu peke yake ikatosha kumaliza mtaji, basi aina yoyote ikianguka benki zote mbili zinakwenda, na nafasi ya hilo ni 19 kati ya 100. Kutoka 1 hadi 19, kwa kufuata ushauri mzuri. Mwaka huo huo wa 2011 May na wenzake, Nicholas Beale, David Rand, Martin Nowak na wengine, wakalichambua hili rasmi: anachokitaka mwenye benki na anachokitaka msimamizi wa mfumo vinapingana, msimamizi angependa benki zisifanane hata kama kila moja peke yake itaonekana na hatari zaidi. Sheria za kimataifa za wakati ule zilisukuma upande wa pili, kila benki ipimwe peke yake, kwa modeli zinazofanana, zenye data za miaka ile ile. Walikuwa wanapigwa msasa wafanane.

Waliopinga kazi hii walikuwa na hoja na baadhi nakubaliana nazo. Chewa hasomi makala kuhusu chewa akabadilisha tabia, benki inasoma. Ukitangaza kipimo cha hatari ya mfumo, kesho kuna mtu ameshatengeneza bidhaa inayokipita pembeni. Modeli ya benki zinazofanana ukubwa na kuunganishwa kwa nasibu ni katuni, na ule mlinganyo wa 1972 ukiuleta sokoni moja kwa moja haukuambii lolote la kutumika, hujui "ukali wa mwingiliano" wa benki mbili unaupima vipi. Mi naona mlinganyo umepewa sifa nyingi kuliko kazi uliyofanya kwenye hiki kisa. Kazi kubwa ya May hapa ni tabia yake ya kuuliza swali la mfumo pale wengine wanapouliza la mmoja mmoja, na ya kutenganisha njia za kuambukiza badala ya kuzirundika zote kwenye neno "muunganiko". Mtu wa magonjwa hawezi kukuambia tu "watu wanakutana", atakuuliza inaambukiza kwa hewa, kwa maji au kwa kugusana, maana dawa ni tofauti.

Na dawa zilizotolewa zinaonyesha nani alisikilizwa wapi. Basel III, yaani kanuni za kimataifa za mabenki zilizotungwa baada ya msukosuko, iliweka mtaji wa ziada kwa mabenki makubwa yenye miunganiko ya dunia, asilimia 1 hadi 3.5 ya mali zilizopimwa kwa hatari, hiyo ni chanjo kwa wasambazaji wakuu, May na Haldane waliipigia debe. Ikaweka pia akiba ya hadi asilimia 2.5 inayopandishwa mambo yakiwa mazuri na kushushwa yakiharibika. Viongozi wa G20 walipokutana Pittsburgh Septemba 2009 walikubaliana mikataba ile ya kinga na jamii yake ipitie kwenye vituo vya kati, kila mtu anadaiana na kituo badala ya kudaiana wao kwa wao. Hapo ile takwimu ya 400 na 5.2 ingeonekana siku ile ile, bila kusubiri mnada wa Oktoba. Lakini umeshatengeneza nyuki mmoja anayetembelea maua yote. Septemba 2018 mfanyabiashara mmoja tu wa umeme wa Norway alishindwa kulipa kwenye kituo cha Nasdaq kule Stockholm, wanachama wengine wakapoteza euro milioni 107 kutoka mfuko wao wa pamoja. Kituo kilisimama, sawa, ila ilitosha kuwakumbusha watu kimesimama juu ya nini.

Suala la kufanana halikupata dawa ya maana, na sijui kama inawezekana kumwamuru mtu asinunue alichonunua jirani. May alifariki Aprili 2020, hakuyaona ya Uingereza ya Septemba 2022. Mifuko ya pensheni ya huko, ambayo ni watu wapole kuliko wote sokoni, ilikuwa imefanya jambo la busara: inadaiwa pensheni za miaka mingi ijayo, ikanunua bondi za serikali za muda mrefu ili hesabu zilingane, na kwa kuwa pesa haitoshi ikakopa kwa kuweka bondi zile zile rehani. Tarehe 23 serikali ikatangaza bajeti ya kupunguza kodi ambayo soko halikuipenda, bei za bondi zikashuka, waliowakopesha wakadai dhamana zaidi, mifuko ikauza bondi ipate pesa, bei ikashuka tena, wakadaiwa tena. Mifuko haikuwa inadaiana yenyewe kwa yenyewe, ukichora ramani ya madeni kati yao unapata karatasi nyeupe. Tarehe 28 Bank of England ikaingia ikasema itanunua hadi pauni bilioni 5 kwa siku kwa siku 13, jumla bilioni 65. Ilipofunga dirisha tarehe 14 Oktoba ilikuwa imenunua za bilioni 19.3, na kufika katikati ya Januari ilikuwa imeshaziuza zote.